Kusahihisha na Kuendeleza: Balzac na Mpango Usiokamilika

Katika maktaba ya Institut de France mjini Paris imehifadhiwa seti ya majuzuu ambayo kwa sura ya nje hayana la kumshangaza mtu. Ni nakala ya toleo la La Comédie humaine lililoanza kutolewa mwaka 1842 na mchapishaji Furne pamoja na wenzake. Ajabu yake imo ndani. Pambizo za kurasa zina mwandiko wa mkono: sentensi zimekatwa, tarehe zimegeuzwa, majina ya wahusika yamebadilishwa, na mahali pengine maneno mapya yameongezwa hadi kuuzunguka matini uliopigwa chapa. Mwenye mwandiko huo ni mwandishi mwenyewe, Honoré de Balzac. Wataalamu huiita nakala hiyo Furne corrigé, yaani Furne iliyosahihishwa, na matoleo mengi ya kazi zake yanayosomwa leo yameegemea juu yake.

Jambo la kutafakari zaidi ni wakati masahihisho hayo yalipofanywa. Mwaka 1845 Balzac aliandaa orodha ya kazi zote ambazo zingeunda La Comédie humaine pindi itakapokamilika. Orodha ilikuwa na kazi 137, na kati ya hizo zipatazo 50 zilikuwa bado majina matupu. Alikuwa na umri wa miaka 46, afya yake imekwisha kuanza kudhoofika, na wadai walikuwa hawajaacha kubisha mlangoni. Mtu aliyekuwa na deni la vitabu hamsini angetarajiwa kukimbilia mbele. Badala yake, mtu huyo aliketi na kalamu akirekebisha vitabu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvinunua, kuvisoma na kuvisahau. Tabia hiyo yaweza kuonekana kuwa ni upungufu wa busara, na wako waliomwona hivyo. Hata hivyo, inadokeza tatizo ambalo kila mwandishi wa hadithi za mfululizo hukabiliana nalo, na ambalo uhakiki hauna budi kulipa nafasi yake: kwamba mpango wa kusahihisha na mpango wa kuendeleza huonekana kuwa viwili, ilhali hula katika sahani moja.

Balzac hakuanza kama mwandishi wa mfululizo. Alizaliwa mjini Tours tarehe 20 Mei 1799, akajaribu bahati yake kwa riwaya za harakaharaka zilizotolewa kwa majina ya kupanga, kisha akaingia katika biashara ya upigaji chapa iliyomfilisi mwaka 1828 na kumwachia madeni ya maisha. Kazi ya kwanza aliyoitia sahihi kwa jina lake ilikuwa Le Dernier Chouan ya mwaka 1829, riwaya ya vita vya waasi wa kifalme katika nchi ya Bretagne, ambayo baadaye iliitwa Les Chouans. Mwaka uliofuata ukatoka mkusanyiko wa Scènes de la vie privée, na mwaka 1831 La Peau de chagrin ikamletea sifa. Hadi hapo kila kitabu kilikuwa na wahusika wake, na kitabu kilipofungwa wahusika nao walifungiwa humo.

Dada yake, Laure, alisimulia baadaye kwamba mnamo mwaka 1833 kaka yake alimjia nyumbani akiwa amejawa furaha, akamtaka ampongeze kwa kuwa alikuwa mbioni kuwa mtu wa kipaji kikubwa. Alikuwa amegundua kwamba vitabu vyake vyote vingeweza kuunganishwa viwe jamii moja. Mwaka 1834, katika barua kwa Ewelina Hanska, mwanamke wa Kipolandi ambaye angekuja kumwoa miaka kumi na sita baadaye, alieleza jengo hilo lote kama mtu anayechora ramani ya nyumba: chini uchunguzi wa tabia za watu, juu yake uchunguzi wa kifalsafa unaoonyesha sababu za tabia hizo, na kileleni uchunguzi wa kanuni zenyewe. Kiwanja kilikuwa kimekwisha kujengwa vibanda vichache. Sasa vibanda hivyo vilitakiwa kugeuzwa vyumba vya jumba.

Mahali ambapo wazo hilo lilishuka katika wino panajulikana. Ni katika muswada wa Le Père Goriot, riwaya iliyochapishwa katika Revue de Paris kati ya Desemba 1834 na Februari 1835. Kijana mwanafunzi wa sheria aliyetoka shamba na kupanga katika nyumba ya Bi. Vauquer aliitwa kwanza Massiac. Baada ya kurasa kadhaa Balzac akalikata jina hilo na kuandika Rastignac. Msomaji wa mwaka 1835 alikwisha kumjua Rastignac. Alikuwa amekutana naye katika La Peau de chagrin, mtu mzima wa mjini asiyeamini kitu, anayemfundisha rafiki yake jinsi ya kuishi kwa madeni na anasa. Kwa kulibadili jina moja, Balzac alimfanya kijana safi wa mwaka 1819 awe ujana wa yule fasiki wa mwaka 1830. Riwaya nzima ikapata uchungu ambao haukuwemo: kila mara Rastignac anapoona haya, kila mara anapolia, msomaji anajua mwisho wa machozi hayo.

Tendo hilo dogo lilibeba tayari matatizo yote ya baadaye. Mfululizo uliendelezwa kwa kurudi nyuma. Hali kadhalika ilikuwa kwa Bi. de Beauséant, ambaye wasomaji wa La Femme abandonnée ya mwaka 1832 walimkuta akiishi upwekeni kule Normandie baada ya kuachwa na mpenzi wake. Ni Le Père Goriot, iliyoandikwa baadaye, iliyowaonyesha usiku wa dhifa yake ya mwisho mjini Paris, kabla hajaondoka. Katika utangulizi wa Une fille d'Ève ya mwaka 1839 Balzac aliutetea utaratibu huo. Alidai kuwa ndivyo watu wanavyojuana duniani: mtu hukutana na mwenzake akiwa na umri wa makamo, akaja kusikia habari za ujana wake miaka kadhaa baadaye, kutoka kwa mtu mwingine, penginepo kwa masengenyo. Akatoa hata wasifu mfupi wa Rastignac, kwa mtindo wa kamusi ya watu mashuhuri, ili msomaji apate pa kushika.

Inafaa kutofautisha aina hii ya mfululizo na ile iliyozoeleka zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, katika vitabu vilivyoanza na Mzimu wa Watu wa Kale, alimwumba Bwana Msa na kiko chake, akampa kila mara fumbo jipya la kufumbua. Msomaji anaweza kuanza na kitabu chochote asipotee, kwa kuwa kinachoendelea ni tabia na akili ya mpelelezi, na kila fumbo lina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Mfululizo wa namna hiyo haumdai mwandishi marekebisho. Ule wa Balzac ulimdai, kwa kuwa wahusika wake huzeeka, huoa, hutajirika na kufa, na kila jambo linalowapata katika kitabu kipya hudai lipatane na yale yaliyosemwa katika vitabu vya zamani na waandishi wa zamani, ambao wote walikuwa Balzac mwenyewe kabla hajajua alichokuwa akikifanya.

Mfano wa Gobseck unaonyesha jinsi deni hilo lilivyolipwa. Mwaka 1830 hadithi hiyo fupi ilihusu zaidi maonyo kwa wanawake wenye mienendo mibaya, na kichwa chake kilisema hivyo waziwazi: Les Dangers de l'inconduite. Mwaka 1835 ikaitwa Le Papa Gobseck, na mwaka 1842 Gobseck tupu. Kadiri jina lilivyofupishwa ndivyo uzito ulivyohama kutoka katika onyo kwenda kwa yule mzee mla riba anayekaa chumbani mwake akiishika Paris nzima kwa hati za deni. Wakati huohuo Bi. de Restaud, mke anayemkimbilia mla riba huyo na almasi za familia, akawa binti wa Goriot. Msomaji aliyekwisha kusoma juu ya baba anayekufa bila binti zake hawezi tena kuisoma Gobseck kama kisa cha mke mpotovu tu. Kisa cha binti kimekuwa upande wa pili wa kisa cha baba.

Mfano wa pili una nguvu zaidi. Le Colonel Chabert ilitoka kwanza mwaka 1832 katika jarida la L'Artiste kwa jina la La Transaction, yaani mapatano. Mwaka 1835 ikawa La Comtesse à deux maris, na mwaka 1844 ikapata jina linalojulikana sasa. Kisa ni cha afisa wa Napoleon aliyedhaniwa kufa katika vita vya Eylau, akarudi na kumkuta mkewe ameolewa na mtu mwingine, mali yake imechukuliwa, na jina lake limo katika daftari la wafu. Katika umbo la mwisho, wakili Derville anamkuta Chabert miaka mingi baadaye katika makao ya wazee maskini ya Bicêtre, kisha anamhesabia mwanasheria mwenzake maovu aliyoyaona katika kazi yake. Mojawapo ya maovu hayo ni baba aliyefia katika chumba cha darini bila senti, ametelekezwa na mabinti wawili aliowapa mali. Derville hamtaji kwa jina, lakini msomaji wa Le Père Goriot hahitaji kutajiwa. Maneno hayo yasingeweza kuwamo mwaka 1832, kwa sababu baba huyo alikuwa hajazaliwa katika kalamu ya Balzac. Sahihisho hilo halikuondoa kosa lolote. Hadithi ya mwaka 1832 ilikuwa imekamilika. Kilichotokea ni kwamba mwandishi alikuwa ameona zaidi, na akampa wakili wake macho hayo.

Si kila sahihisho lilifaulu hivyo. La Femme de trente ans ni ushahidi wa upande wa pili. Kati ya mwaka 1830 na 1834 Balzac alichapisha visa sita vilivyosimama mbalimbali, vyenye wanawake mbalimbali. Baadaye aliviunganisha, na katika toleo la mwaka 1842 wanawake wote wakawa mmoja, Julie d'Aiglemont, anayeonyeshwa tangu usichana hadi kaburini. Mshono unaonekana. Hesabu za umri hazikubaliani, watoto hukua kwa kasi isiyo ya kawaida, na sehemu moja, ambamo binti anatoroka na mwuaji anayekuja kuwa maharamia wa baharini, ina harufu ya riwaya za ujana wa mwandishi. Balzac alijaribu kuliziba pengo kwa jina moja tu. Lakini jina halina uwezo wa kuumba maisha. Rastignac alifaulu kwa sababu maisha mawili yaliyounganishwa yalikuwa yakitafutana; wanawake hawa sita walilazimishwa.

Mtu asije akafikiri kwamba kazi hii yote ilifanywa katika utulivu wa maktaba. Balzac alilala mapema jioni, akaamka usiku wa manane, akavaa joho jeupe kama la mtawa, na kuandika hadi mchana kwa nguvu za kahawa. Kilichotoka mkononi mwake usiku huo kilikuwa mwanzo tu. Kilipopangwa chapa na kurudishwa kwake, prufu zilijaa nyongeza, na prufu za nyongeza zikajaa nyongeza nyingine, mara saba, mara nane, hata zaidi ya kumi. Mistari ilivutwa kutoka katikati ya ukurasa kwenda pande zote. Wapanga herufi waliiogopa kazi yake, na gharama za kupanga upya zilikatwa katika malipo yake mwenyewe. Kwa hiyo kusahihisha kulikuwa anasa aliyoilipia kwa fedha ambazo hakuwa nazo, na ili azipate ilimlazimu kuendeleza.

Magazeti yalizidisha msukumo huo. Mwaka 1836 Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse, na kuanzia Oktoba ya mwaka huohuo likachapisha La Vieille Fille ya Balzac siku baada ya siku. Huo ulikuwa miongoni mwa mwanzo wa riwaya ya gazetini katika Ufaransa. Miaka michache baadaye Eugène Sue aliiteka nchi kwa Les Mystères de Paris, iliyotoka katika Journal des Débats mwaka 1842 na 1843. Msomaji wa gazeti alitaka kesho impe jibu la leo. Balzac, anayejenga polepole, anayeeleza nyumba na samani kabla ya kumfungulia mtu mlango, hakuwa hodari wa mchezo huo. Mwishoni mwa mwaka 1844 La Presse lilianza kuchapisha Les Paysans, riwaya aliyoifikiria kwa miaka mingi kuhusu vita vya kimyakimya baina ya wakulima na bwana mwenye ardhi. Wanunuzi wa gazeti walilalamika. Riwaya ikasimamishwa, nafasi yake ikachukuliwa na La Reine Margot ya Alexandre Dumas, na Balzac hakuimaliza tena hadi kufa kwake.

Kinyume cha gazeti kilikuwa jengo la Furne. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1841, na kuanzia mwaka 1842 hadi 1846 yakatoka majuzuu kumi na sita, la kumi na saba likafuata mwaka 1848. Humo ndimo jina La Comédie humaine lilipoenezwa, na humo ndimo ulimotokea utangulizi mashuhuri wa mwaka 1842. Katika utangulizi huo Balzac anamsifu Walter Scott, lakini anamlaumu kwa kutoziunganisha riwaya zake ziwe historia moja. Anataka yeye mwenyewe ashindane na daftari la msajili wa vizazi na vifo. Anataka jamii ya Kifaransa iwe mwanahistoria na yeye awe karani wake. Toleo lenyewe lilikuwa na mapungufu ya kibiashara. Ili kuokoa karatasi, migawanyo ya sura iliondolewa katika riwaya nyingi, na vichwa vya sura vilivyochangamsha matoleo ya awali vikatoweka. Basi hata ule unaoitwa umbo la mwisho una alama za mkono wa mhasibu. Mhakiki anayeliheshimu toleo la Furne kama wosia mtakatifu hana budi kukumbuka hilo.

Kisha ikaja orodha ya mwaka 1845. Ukiisoma leo, sehemu inayosikitisha kuliko zote ni ile ya maisha ya kijeshi. Zilipangwa kazi zaidi ya ishirini. Ziliandikwa mbili: Les Chouans, iliyokuwako tangu mwaka 1829, na hadithi fupi Une passion dans le désert. Miongoni mwa zisizoandikwa ni La Bataille, riwaya ambayo ingempeleka msomaji katikati ya mapigano ya Napoleon karibu na Vienna. Mwaka 1835 Balzac alikwenda kuutazama uwanja wa Wagram kwa ajili yake. Alizungumza juu yake kwa miaka, akawaahidi wachapishaji, asiandike. Mwaka 1997 mwandishi Patrick Rambaud alichapisha riwaya yenye jina hilohilo, akiutwaa mpango wa Balzac kuhusu mapigano ya Essling, nayo ikapata tuzo ya Goncourt. Deni la msanii likalipwa na mtu mwingine, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, katika lugha na mtindo wa zama nyingine.

Yamkini mtu akauliza: je, orodha ile ilikuwa mpango wa kisanaa ama hati ya mkopo? Ilikuwa yote mawili. Ilimhakikishia mnunuzi wa majuzuu kwamba kilichopo mkononi mwake ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi. Ilimhakikishia mwandishi pia. Lakini jambo lililofuata liliishinda orodha yenyewe. Mwaka 1846 Balzac alichapisha La Cousine Bette katika gazeti la Le Constitutionnel, na mwaka 1847 Le Cousin Pons. Wahakiki wengi huzihesabu riwaya hizi mbili katika kilele cha kazi yake. Wala moja haikuwamo katika orodha ya kazi 137. Mtu aliyekuwa na vitabu hamsini vya kuandika aliviacha vyote, akaandika viwili ambavyo hakuviahidi kwa yeyote.

Tena La Cousine Bette ina jambo linalohusu moja kwa moja mada hii. Humo yumo Baron Hulot, mzee mzinzi anayeiteketeza familia yake na hatimaye kuiibia serikali. Ana kaka, Jemadari Hulot, mtu mwaminifu aliyeshiba miaka, ambaye aibu ya ndugu yake inamwua. Jemadari huyo ni yuleyule kamanda Hulot wa jeshi la Jamhuri aliyetembea katika kurasa za kwanza za riwaya ya mwaka 1829. Miaka kumi na saba ya uandishi imepita kati ya vitabu viwili. Katika hadithi, kamanda wa Bretagne amepitia Jamhuri, Ufalme wa Napoleon na kurejea kwa wafalme wa kale, akabaki na heshima yake tupu katika nchi ambayo sasa inaabudu fedha. Kwa kifo chake hata riwaya ya mwanzo inabadilika. Anayerudi kuisoma Les Chouans baada ya La Cousine Bette anamwona askari yule mkali akiwa na kivuli cha kifo chake, na anaiona Jamhuri anayoitetea akijua itakakoishia.

Hapo ndipo ilipo hoja kuu. Sahihisho hilo halimo katika pambizo la Furne corrigé. Halikuhitaji kukata neno wala kuongeza. Kitabu kipya kilikisahihisha cha zamani kikiwa kimesimama mbali nacho. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rastignac na La Peau de chagrin, ndivyo ilivyokuwa kwa Gobseck na Goriot. Kazi ya kalamu pambizoni, kulinganisha tarehe, kuwapa majina wapitaji njia wasio na majina, ilikuwa na maana. Bila hiyo msomaji angejikwaa. Lakini katika kazi ya mfululizo masahihisho yenye kina kirefu ni yale yanayofanywa na mwendelezo. Mwandishi anayekisahihisha kitabu cha zamani kwa kukirudia anafanya kazi ya fundi. Anayekisahihisha kwa kuandika kingine kinachokidai kisomwe upya anafanya kazi ya msanii. Balzac alikuwa yote mawili, na usiku wake haukutosha kwa wote wawili.

Fasihi simulizi haina taabu hii. Fanani anayeisimulia ngano leo huirekebisha mbele ya hadhira yake, na hakuna anayemwonyesha nakala ya jana. Hata Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, aliyelazimika kuendeleza kila usiku ili aokoe shingo yake, hakulazimika kuurudia usiku wa kwanza na kuusahihisha. Chapa ndiyo iliyoleta mzigo huo. Chapa huyahifadhi makosa, na huhifadhi pia masahihisho, vikakaa kwenye rafu moja, kila kimoja kikidai kuwa ndicho kitabu chenyewe. La Transaction ya mwaka 1832 haikufutwa na Le Colonel Chabert ya mwaka 1844. Mwanafunzi anayetaka kuhakiki hadithi hiyo analazimika kusema ni ipi anayoihakiki, na kwa nini.

Balzac alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho katika shamba la Bi. Hanska huko Wierzchownia, nchini Ukraine, akiwa mgonjwa na akiandika kidogo sana. Walifunga ndoa Machi 1850 mjini Berdychiv, wakarejea Paris, na tarehe 18 Agosti mwaka huohuo akafariki akiwa na umri wa miaka 51. Victor Hugo, aliyemzuru siku hiyohiyo ya mwisho, alitoa hotuba kwenye maziko ya Père-Lachaise, makaburi yaleyale ambako Rastignac alimzika Goriot na kuitazama Paris iliyo chini yake. Mjane alifanya alivyoweza. Les Paysans ilitolewa mwaka 1855 baada ya yeye kuitia mkono. Le Député d'Arcis na Les Petits Bourgeois zikakamilishwa na Charles Rabou. Wachache huzisoma nyongeza hizo. Rabou aliendeleza msuko, lakini hakuwa na uwezo wa kufanya kile ambacho kila kitabu kipya cha Balzac kilifanya, yaani kuvirudia vyote vilivyotangulia na kuvipa maana nyingine.

Marcel Proust, ambaye naye alifariki mwaka 1922 akiwa bado anasahihisha prufu za mfululizo wake, aliona kwamba umoja wa kazi ya Balzac ulipatikana baadaye, na kwamba kwa sababu hiyo una uhai kuliko umoja unaopangwa mwanzoni. Uamuzi huo ni wa haki, ila unahitaji nyongeza moja. Umoja uliopatikana baadaye haukomi kutafutwa. Kwa hiyo si sawa kuihukumu La Comédie humaine kwa hesabu ya kazi 137 na kuiita gofu, wala si sawa kuichukua Furne corrigé kama neno la mwisho. Nakala ile inaonyesha mahali mkono ulipokuwa kifo kilipoukuta. Laiti Balzac angeishi miaka kumi zaidi, pambizo zingejaa upya, na orodha ya mwaka 1845 ingeachwa tena kwa ajili ya vitabu visivyokuwamo. Mhakiki anayeshika juzuu mojawapo leo anafaa kuuliza maswali mawili: kitabu hiki kilisahihishwa wapi kwa wino, na kilisahihishwa wapi na kitabu kingine. Swali la kwanza hujibiwa katika maktaba ya Institut. La pili hujibiwa kwa kusoma, na halijaisha kujibiwa.